NJIA PANDA YA MOMBO IWE BARAZA

Sisi tukaao Mazinde, tukitaka kwenda Lushoto, hatuna budi kushuka Mombo kwanza, pale barabara ya mlimani inapokutana na barabara kuu itokayo Segera kwenda Same. Mahali pale twapajua, nasi twapaogopa. Basi husimama ukingoni. Wachuuzi hulikimbilia madirishani na matunda yao. Bodaboda huzunguka mbele na nyuma. Na lori la Moshi lapita katikati yao wote. Mtoto atokaye shule huvukia papo hapo, akichungulia ubavuni mwa basi, wala dereva ajaye hamwoni.

Wako wasemao kwamba kosa ni la wachuuzi, wafukuzwe. Shauri hilo hatulikubali. Zamani, katika karne ya 19, Semboja, mwana wa Kimweri ye Nyumbai, alifanya makao yake hapa Mazinde kwa kuwa misafara ilipita chini ya milima, na biashara ikaifuata misafara. Palipo na njia pana watu, na palipo na watu hapakosi kuuza na kununua. Wafukuzeni leo, kesho watarudi, maana basi litasimama pale pale. Kosa hasa ni kwamba kupita, kushuka na kuuza, kazi tatu mbalimbali, zimepewa kipande kimoja cha ardhi.

Tena kuna mwendo. Sheria yataka motakaa zisipite maili 31, yaani kilomita 50 kwa saa, penye makazi ya watu. Lakini ubao peke yake haumzuii dereva aonaye mbele yake njia pana iliyonyoka. Shirika la Afya Duniani latuambia kwamba mwendo ukipanda kutoka kilomita 50 hata 65, hatari ya kufa kwa mwenda kwa miguu aliyegongwa huzidi mara nne na nusu. Hizo kilomita 15 dereva huziona si kitu.

Dawa si lazima iwe ghali. Ubungo, Dar es Salaam, palijengwa barabara za juu, zikafunguliwa mwaka 2021. Hizo zafaa mji mkubwa, nazo husaidia magari zaidi kuliko miguu. Lakini katika mji huo huo shirika la Amend lilitengeneza njia za miguu, vivuko na matuta karibu na shule, na mwaka 2019 kazi hiyo ikapata tuzo ya miji ya taasisi ya WRI ya Marekani. Addis Ababa nako, katika njia panda ya LeGare, walianza kwa rangi na vizuizi tu, wakawarudishia watu nafasi iliyokuwa ya magari.

Basi twashauri hivi. Mabasi yapewe kituo mbali kidogo na mdomo wa njia panda. Mdomo wenyewe upunguzwe upana, ili lori likate kona polepole. Kivuko kiinuliwe kama tuta. Na ardhi itakayopatikana iwe uwanja: miti ya kivuli, viti, taa, maji, na vibanda vya wachuuzi wale wale. Mambo hayo yajaribiwe kwanza kwa rangi na mapipa. Yakifaa, ndipo simenti ije.

Barabara kuu ni ya TANROADS, njia ndogo za wilaya ni za TARURA, soko na stendi ni vya Halmashauri. Sisi makarani twajua sana kwamba jambo lenye majalada matatu hukosa mwenyewe. Barabara ina jalada, soko lina jalada. Yule mtoto avukaye hana. Kwa hiyo twaomba chama chetu kiandike barua moja, ipelekwe kwa ofisi zote tatu siku moja, kuziomba zikutane palepale Mombo, saa ambayo mabasi yamejaa, zijionee kwa macho.

Wenzetu, tusingoje msiba utufungulie jalada. Kinga ni bora kuliko tiba.