Mshahara wa Mtu Mmoja, Sahani za Watu Watano



Kila tunapokaa mezani na waajiri twazungumza habari za saa za kazi, ovataimu, likizo na nyongeza. Mambo hayo ni haki yetu na hatutayaacha. Lakini yako mengine ambayo twayaacha nyumbani kana kwamba hayahusu chama: mtoto amekula nini, amelala wapi, na ni nani aliyemwangalia mama yake alipokuwa kazini. Maoni yangu ni kwamba hayo ndiyo kiini cha mshahara. Chama kikiyanyamazia, tutazidi kulipwa kama watu wasio na jamaa.

Tukumbuke tulikotoka. Mwaka 1939 wafanya kazi wa Mombasa waligoma, na vilio vyao vikubwa vilikuwa mshahara mdogo na kodi ya nyumba. Tarehe 13 Januari 1947 wakagoma tena, watu wapatao 15,000, kwa muda wa siku 12. Kisha mwaka 1954 Kamati ya Mishahara ya Waafrika, iliyoongozwa na Bwana F. W. Carpenter, ikachunguza maisha ya wafanya kazi na kupima mahitaji yao ya lazima. Ikaona kwamba kima cha chini kilikuwa kimepimwa kwa tumbo la mwanamume mmoja asiye na mke, na kwamba karibu nusu ya wafanya kazi wa mijini katika kampuni za watu binafsi hawakupata hata cha kuwatosha kwa afya na heshima ya kawaida. Kamati ikashauri mshahara upandishwe hatua kwa hatua mpaka umtoshe mtu, mkewe na watoto wawili. Serikali ya kikoloni ilikubali sehemu tu ya ushauri huo. Hesabu ya jamaa iliwekwa kando.

Ukoloni ulikwisha mwaka 1963, lakini hesabu ile haijafa. Leo Amri ya Mishahara yasema posho ya nyumba ya mtu wa kima cha chini ni asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi. Basi tuseme msingi ni shilingi 16,000: posho ni shilingi 2,400. Chukua fedha hizo uende nazo Majengo, Kingorani au Kibokoni ukatafute chumba chenye dirisha, karibu na maji na choo safi, watoshee baba, mama na watoto watatu. Ukikipata, njoo ofisini utuambie, maana wako wengi wanaokitafuta.

Twazijua nyumba zetu. Nyumba ya Kiswahili ilijengwa kwa jamaa moja: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na uani kwa kupikia na kufulia. Leo kila chumba kina mpangaji wake na watoto wake. Katika Mji wa Kale nazo nyumba za mawe zenye kuta nene zimegawanywa vyumba vyumba. Makaa huwashwa ukumbini au mlangoni, na moshi haupati pa kutokea. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba moshi wa jikoni unakaribia kuongeza mara mbili hatari ya homa ya mapafu kwa watoto wadogo. Tena mtoto anayetambaa katika chumba chenye kitanda, jiko, ndoo na masanduku hana pa kutambaa. Hufungwa mgongoni au huwekwa kitandani akae kimya.

Labda mtu atasema, kukaa kimya kunamdhuru nini? Huko Kingston, Jamaica, mwaka 1986 na 1987, wataalamu waliwachukua watoto 129 waliodumaa. Baadhi yao walitembelewa nyumbani mara moja kwa juma, saa moja tu, kwa miaka miwili. Mama alifundishwa kucheza na mtoto wake, kuzungumza naye, na kumtengenezea vitu vya kuchezea kwa makopo na vitambaa. Baada ya miaka 20 wale waliotembelewa walikuwa wakipata mshahara uliozidi wa wenzao kwa asilimia 25. Kwa hivyo mchezo wa mtoto si upuuzi. Unajenga akili, na mtoto huhitaji mahali pa kuchezea na mzazi asiyerudi nyumbani amechoka hata hawezi kusema.

Na chakula je? Siku elfu moja za kwanza, tangu mimba mpaka mtoto atimize miaka miwili, ndizo zenye kazi kubwa. Akikosa chakula bora wakati huo hudumaa: hubaki mfupi kuliko umri wake, huugua kwa urahisi, na darasani huwa mzito. Uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 18 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano nchini Kenya wamedumaa. Kwa jirani zetu wa Kilifi, ambako wengi wetu tuna wazee na watoto wetu, ni 37. Wazee walisema udongo uwahi ungali maji. Nyongeza itakayokuja mtoto akiwa na miaka kumi itamnunulia viatu, lakini haitarudisha kwa urahisi kile alichokikosa akinyonya.

Mwajiri hujibu: "Mimi nimekuajiri wewe, sikuwaajiri watoto wako." Jibu letu ni hili. Kazi ya kesho itafanywa na nani? Bandari, magodauni ya Shimanzi, mahoteli na ofisi, zote zitataka watu wenye nguvu na akili. Anayetaka kuvuna asikatae gharama ya mbegu.

Tena sheria iko upande wetu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yampa mama likizo ya uzazi ya miezi mitatu kwa mshahara kamili, na baba majuma mawili. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 yamtaka mwajiri aweke mahali pa kunyonyeshea, na ampe mama nafasi ya kunyonyesha au kukama maziwa, isiyozidi saa moja katika saa nane za kazi. Maziwa ya mama peke yake hutosha kwa miezi sita ya kwanza. Je, katika kazi yenu mahali hapo papo? Au mama hukama maziwa chooni?

Na sasa neno kwa sisi wanaume. Si kila kosa ni la mwajiri. Katika nyumba nyingi samaki huwekwa mbele ya baba, na mtoto hupewa sima na mchuzi. Asubuhi hupewa chai na hamri, akashiba bila kujengeka. Mtoto aliyepita miezi sita ana tumbo dogo na haja kubwa. Ahitaji kula mara nyingi, kidogo kidogo: dagaa waliopondwa, yai, kunde, mbaazi, mchicha wenye mafuta kidogo, na matunda. Fungu la dagaa si anasa. Atakayesema hayo ni mambo ya wanawake, na akumbuke ni nani aliyeshika mshahara siku ya malipo.

Naomba basi mkutano wetu ujao uzungumze mambo haya:

1. Kila mjumbe wa idara akusanye kodi halisi wanazolipa wanachama kumi, ili posho ya nyumba idaiwe kwa hesabu hiyo wala si kwa asilimia 15 tu.

2. Mahali pa kunyonyeshea paandikwe ndani ya mapatano yetu na waajiri, na wajumbe wakapakague.

3. Kibarua aliyefanya kazi mfululizo zaidi ya mwezi adaiwe haki ya mkataba chini ya Sheria ya Ajira, maana mama kibarua asiyejua kama kesho ataitwa huogopa hata kutaja likizo ya uzazi.

4. Nyongeza yo yote ipimwe kwa sahani za nyumba nzima.

Waliogoma mwaka 1947 walikuwa na watoto nyumbani, na walipimiwa kama hawana. Sisi tusikubali kupimwa hivyo tena.

Umoja ni nguvu.