Mchanga wa Kwale ufundishe somo la michanganyiko



Somo la michanganyiko aghalabu hufundishwa kwa mfano wa chumvi na maji, ilhali mgodi wa mchanga wa kampuni ya Base Titanium huko Kwale, uliositisha uchimbaji mwishoni mwa 2024, ulitegemea elimu hiyohiyo. Mchanganyiko ni vitu viwili au zaidi vilivyokaa pamoja bila kuungana kikemia, hivyo kila kimoja hubaki na sifa zake na huweza kutengwa kwa sifa hizo. Mgodini humo, mchanga ulipotiwa maji na kupitishwa katika mifereji ya mzunguko, chembe nzito zilijitenga na nyepesi. Kisha sumaku yenye nguvu ikavuta madini ya ilmenaiti, na umeme ukatenga madini ya rutaili, inayoupitisha, na zirikoni, isiyoupitisha. Lakini ilmenaiti yenyewe ni msombo, yaani chuma, titani na oksijeni zilizofungamana kikemia, na hapo sumaku haifui dafu, bali huhitajika mmenyuko wa kikemia. Tofauti hii kati ya mchanganyiko na msombo, ambayo ndiyo kiini cha somo, haionekani kwenye glasi ya maji ya chumvi. Walimu wa Msambweni na Diani wanaombwa wawape wanafunzi sinia, maji na mchanga mwekundu wa Maumba, wauoshe polepole hadi chembe nzito nyeusi zibaki chini.