Mguu wa mota ujaribiwe Kikoneni

Na Mwanasha Omari

Goti la bandia linaloendeshwa kwa mota na betri halimjui mvaaji siku ya kwanza. Fundi humtembeza, akamsimamisha, akarudi kwenye kompyuta: kisigino kikikanyaga, goti likaze kiasi gani? Mguu ukinyanyuka, lilegee kiasi gani? Kazi hiyo huchukua saa kadhaa, na vipimo anavyowahi kuvirekebisha fundi ni vichache.

Mwaka 2019 kundi la Profesa Helen Huang wa Chuo Kikuu cha North Carolina State, Marekani, pamoja na wenzao wa Arizona, lilionyesha programu inayojifunza kwa kujaribu na kukosea. Ilirekebisha vipimo 12, na kwa dakika 10 hivi mvaaji akawa anatembea. Hatua kubwa hiyo. Ila alitembea mahali tambarare.

Kikoneni, huku kwetu Kwale, si tambarare. Njia za mashambani hupanda na kushuka, na masika yakianza udongo huteleza hata kwa mwenye miguu yake miwili. Halafu kuna joto. Jasho likijaa ndani ya soketi, ile sehemu inayoshika kigutu, ngozi huteleza na vihisio vinavyosoma misuli huchanganyikiwa. Mkono wa bandia unaotegemea vihisio hivyo unaweza kufumba pale mwenyewe alipotaka ufumbue.

Vipaji tunavyo. Binamu wawili wa Kiambu, David Gathu na Moses Kiuna, waliunda kwa vifaa vilivyotupwa mkono wa roboti unaoongozwa na ishara za ubongo. Jirani zetu wa Moshi, Tanzania, wana TATCOT, chuo kinachofundisha mafundi wa viungo bandia tangu 1981.

Kwa hiyo Kaunti ya Kwale isianze na mashine ya bei kubwa. Ianze na fundi: asomeshwe, awekwe hospitali ya Msambweni, apewe pikipiki ya kumfuata mgonjwa kijijini. Kigutu hupungua unene miezi ya mwanzo baada ya upasuaji, na soketi hulegea. Kijana wa bodaboda aliyepoteza mguu hapaswi kuvuka feri ya Likoni kwenda Mombasa kwa magongo kila inapolegea.

Na programu kama ile ya Huang ikifika Pwani, majaribio yafanywe kwenye mteremko wa Kikoneni, mwezi wa Machi, saa nane mchana, mvaaji akiwa na ndoo ya maji kichwani.