Spirit hakuhitaji msemaji

Wasee, kuna muvi ya katuni ambayo wengi wetu tunaikumbuka kwa zile nyimbo tu, halafu stori inaishia hapo. Spirit: Stallion of the Cimarron, ya DreamWorks, 2002. Ni farasi dume wa mwituni huko magharibi mwa Marekani, karne ya 19. Anakamatwa, wanajeshi wanajaribu kumfuga, anakataa. Nimeirudia mara mbili wiki hii na msimamo wangu ni huu: nusu yake ni kati ya kazi kali kabisa zilizowahi kuchorewa watoto. Nusu ile nyingine imeharibiwa na woga, woga kwamba mtoto hataelewa.

Angalia kwanza ilitoka lini. Mwaka mmoja nyuma, 2001, studio hiyo hiyo ilikuwa imetoa Shrek, na mnyama aliyewabamba watu ni punda asiyejua kunyamaza. Ungekuwa bosi pale ungesema tu, leteni mwingine wa kubonga. Wao wakaleta farasi ambaye hafungui mdomo kusema neno. Analia vile farasi hulia, anapumua kwa pua, anapiga kwato chini, basi. Farasi wenzake pia ni hivyo. Wanaoongea ni binadamu peke yao.

Hiyo si kitu ndogo, juu mnyama wa miguu minne ni noma kuchora. Farasi akikimbia halafu mguu mmoja ukanyage chini wakati haufai, unaona tu kuna kitu hakijakaa poa, hata kama farasi umewahi kuona tu wale wa kupigiwa picha ufuoni Mombasa. Aliyeongoza uchoraji wa Spirit ni James Baxter, jamaa yule yule aliyeongoza kumchora Rafiki kwa The Lion King. Akaunti ya hisia zote za huyu farasi iko kwa masikio, shingo, na nyusi. Ndiyo, walimwekea nyusi. Farasi wa ukweli hana nyusi za hivyo na kuna watu huwa wanacheka hapo. Mimi sina shida nazo. Bila kuongea lazima upate mahali pa kusomea hasira.

Na kuna sehemu moja ambayo ningeionyesha mtu yeyote anayedhani katuni ni za kunyamazisha watoto. Spirit amefungwa kwa nguzo siku tatu, hakuna chakula, hakuna maji. Halafu Kanali mwenyewe anampanda. Spirit anaruka, anajirusha, mpaka nguvu zinaisha, anasimama tu. Kanali, akiwa bado juu ya mgongo wake, anaanza kuwahutubia wanajeshi. Anasema kuna watu wanaodhani magharibi haitakaliwa, reli haitafika, Walakota hawatainama, na ni mawazo madogo kama hayo yanayosema huyu farasi hawezi kufugwa. Umeona alichofanya? Ardhi, reli, watu na farasi, wote kwa hotuba moja, wote vitu vya kuvunjwa. Na wakati anajisifu, unaona usoni mwa farasi kwamba anasikia. Sekunde chache baadaye Kanali yuko chini kwa vumbi. Hakuna aliyekueleza maana yake. Umeelewa.

Sasa hapo ndio nakasirika. Juu watu walioweza kuchora hiyo sehemu ndio hao hao wakamwajiri Matt Damon awe sauti ya ndani ya farasi, atuelezee. Spirit akiwa na hofu, tunaambiwa ana hofu. Akipenda, tunaambiwa. Halafu sauti ikinyamaza, Bryan Adams anaingia na wimbo unaosema kitu kile kile. Kuna mahali Spirit yuko kwenye behewa, amekata tamaa, theluji inaanguka, na chembe za theluji zinageuka kuwa farasi wanaokimbia. Manze, hiyo picha peke yake inatosha kukuliza. Lakini hapana, lazima tuimbiwe. Sisemi nyimbo ni mbaya, mimi mwenyewe naziimba. Na muziki wa Hans Zimmer usio na maneno unafanya kazi vizuri sana, ndio maana najua maneno hayakuhitajika.

Sisi wa kutengeneza video tunaujua huu ugonjwa. Unaogopa mtu atapita kabla hajaelewa, unaongeza sauti, unaongeza maandishi, unaongeza mshale mwekundu unaoonyesha kitu ambacho tayari kiko katikati ya skrini. Tofauti ni kwamba mimi nahariri kwa simu. Hawa walikuwa na studio nzima.

Kasoro ya pili ni nzito kuliko hiyo. Mwishoni Spirit, akiwa amembeba Little Creek, kijana Mlakota, anaruka korongo ambalo hakuna farasi angeruka. Mwanajeshi mmoja anainua bunduki. Kanali anaishusha, anamwangalia Spirit, anainamisha kichwa kwa heshima. Wanaachwa waende. Na huyu ni Kanali yule aliyevamia kijiji cha kina Little Creek, akampiga risasi Rain, farasi jike ambaye Spirit anampenda. Baada ya kuruka korongo tunaonyeshwa kijiji tena, Rain amepona, kila mtu anarudi kwao.

Lakini reli ilifika. Ile ya kwanza kuvuka Marekani ilikamilika 1869. Mwaka wa 1876 Walakota na wenzao waliwashinda wanajeshi pale Little Bighorn, na baada ya hapo serikali ikaanza kuwanyang'anya farasi wao. Farasi! Mwaka uliofuata ikachukua milima yao, Black Hills. Mwaka wa 1890 wanajeshi wakawaua mamia pale Wounded Knee, wengi wao wanawake na watoto. Kina Kanali hawakuinamisha kichwa.

Pengine ndio maana ule mwisho unaniuma kama Mkenya. Sisi pia tulijengewa reli ya mkoloni, kutoka Mombasa 1896 hadi Kisumu 1901, na Wanandi waliipinga miaka. Oktoba 1905, Koitalel arap Samoei alienda kukutana na afisa Mwingereza, Richard Meinertzhagen, kwa mazungumzo ya amani. Akapigwa risasi hapo hapo.

Najua mtu atasema hii ni muvi ya watoto, kwani nataka waone maiti? Sitaki. Lakini muvi yenyewe tayari imewaonyesha farasi amefungwa siku tatu bila maji, imewaonyesha kijiji kikivamiwa. Watoto walikaa, wakaangalia. Wangeweza kuvumilia Kanali anayeondoka bila kuwa mtu mzuri. Spirit angeruka korongo, Kanali abaki ng'ambo na hasira zake, tujue atarudi. Mruko ungebaki mtamu vile vile.

Na msinipeleke kwa Spirit Untamed ya 2021. Hapo farasi amekuwa rafiki wa msichana, sauti ya ndani imetolewa, na cha ajabu ni kwamba bila hiyo sauti hana cha kutuambia. Ile ya kwanza ina kasoro kubwa juu ilijaribu kitu kikubwa.

Kama una mdogo wako nyumbani, mwekee ile ya 2002, haifiki hata saa moja na nusu. Kwa ile hotuba ya Kanali, simamisha kidogo, muulize anadhani farasi anawaza nini. Usimjibie.