Mlango Ukifungwa, Mchezaji Hutafuta Dirisha



Juma hili tumependa kutafakari pamoja nanyi juu ya jambo lililoingia katika nyumba zetu bila kubisha hodi, nalo ni kamari inayochezwa kwa simu. Tunalileta kwenu tukiwa na ungamo letu wenyewe, kama mtakavyoona mbele.

Mtakumbuka yaliyotokea katika nchi yetu mwaka 2019. Mwezi Julai, bodi ya serikali inayosimamia kamari ilikataa kuhuisha leseni za kampuni 27 za kubashiri michezo, kwa madai kwamba hazikulipa kodi ipasavyo. Makampuni ya simu yaliagizwa kufunga namba ambazo kwazo wachezaji walituma fedha zao, na wageni 17 waliohusika na uendeshaji wa biashara hiyo wakaondoshwa nchini. Mwezi Agosti, SportPesa iliondoa ufadhili wake kwa Gor Mahia, AFC Leopards na ligi kuu. Kabla ya Oktoba kwisha, SportPesa na Betin zilikuwa zimesimamisha shughuli zao hapa Kenya.

Siku zile tulisimama mimbarini tukamshukuru Mungu kwa sauti kubwa. Tulidhani vita vimekwisha. Dominika moja baada ya Misa, mama mmoja alitungoja mlangoni. Alitusikiliza tukirudia yale ya mimbarini, kisha akasema kwa upole: "Padre, simu ya mwanangu haikulala hata usiku mmoja. Hii ikifungwa, anahamia ile." Tulinyamaza, kwa maana hatukuwa na jibu.

Mama yule aliona kwa uwazi kuliko sisi. Wachezaji hawakuacha kucheza, walihama. Kampuni zilizobaki na leseni ziliwapokea, na nafasi iliyoachwa wazi ikajazwa upesi. Walioachwa na timu zao bila ufadhili waliilaumu serikali, wala hawakuilaumu kamari. Wengi walisikika wakisema: "Kwa nini mtuzibie riziki, ilhali kazi hamkutupa?" SportPesa nayo ilirejea sokoni baadaye. Wakati huohuo mchezo wenyewe umebadilika. Zamani mtu alisubiri hadi dakika tisini ziishe ndipo ajue kama mkeka wake umechanika. Leo yapo michezo kama Aviator, ambapo kindege hupaa kwenye kioo cha simu na kutoweka ghafla, na mtu hupoteza fedha ndani ya sekunde chache, kisha akaanza tena.

Hatusemi kwamba sheria haina kazi. Sheria ni ua wa boma, na boma lisilo na ua huliwa na fisi. Twaunga mkono hatua iliyochukuliwa Aprili 2025 ya kusimamisha matangazo ya kamari kwa siku thelathini, na twaikaribisha Sheria ya Udhibiti wa Kamari iliyotiwa saini Agosti 2025 kuchukua nafasi ya ile ya mwaka 1966, iliyotungwa wakati ambapo hapakuwa na mtu aliyewaza kwamba kamari ingetoshea mfukoni mwa suruali. Lakini ua huzuia mnyama atokaye nje. Haumshibishi mwenye njaa aliye ndani.

Tena yatupasa kusema ukweli juu ya mkono wa serikali yenyewe. Mwaka 2019 iliweka ushuru wa asilimia 20 juu ya kila dau. Mwaka uliofuata ikauondoa. Mwaka 2021 ushuru ukarudi kwa asilimia 7.5, mwaka 2023 ukapanda hadi 12.5, na Desemba 2024 ukafika 15. Mwaka 2025 ukashushwa hadi asilimia 5, ukitozwa juu ya fedha mchezaji anazoweka katika akaunti yake ya kamari. Mchezaji ameyaona haya yote. Anajua kwamba mkono unaomkemea ndio huohuo unaopokea fungu lake kila anapoweka fedha. Mzazi anayemkanya mtoto asinywe pombe huku akihesabu faida ya kilabu chake hasikilizwi.

Basi kijana anatafuta nini humo? Tumewasikiliza wengi, na mara chache tumekuta uroho mtupu. Tumekuta mhudumu wa bodaboda anayedaiwa mkopo wa pikipiki. Tumekuta mhitimu wa chuo ambaye kwa miaka mitatu hakuna aliyeijibu barua yake ya kuomba kazi. Hao wanatafuta tumaini, na kampuni ya kamari huwauzia tumaini kwa shilingi ishirini. Mwezi Mei 2017 mtu mmoja alijishindia shilingi milioni 221, na habari zake zikafika kila kijiji. Waliopoteza hawakutangazwa popote.

Enyi vijana, tufanye hesabu pamoja. Chukueni mkeka wa mechi 17, kila moja ikiwa na matokeo matatu: kushinda, kushindwa au sare. Mikeka tofauti inayoweza kujazwa ni zaidi ya milioni 129. Sensa ya mwaka 2019 ilituhesabu Wakenya milioni 47.6. Hata kila Mkenya, pamoja na watoto wachanga, angejaza mikeka miwili isiyofanana na ya mwingine yeyote, bado mikeka zaidi ya milioni 30 ingesalia bila kuguswa. Ni kweli kwamba anayezijua timu vizuri hupunguza kubahatisha, lakini kampuni nayo inazijua, tena ndiyo inayopanga malipo.

Katekisimu ya Kanisa haifundishi kwamba kila mchezo wa bahati ni dhambi. Yafundisha kwamba mchezo huwa haramu pale unapomnyima mtu mahitaji yake na ya wale wanaomtegemea, na kwamba tamaa ya kamari yaweza kugeuka kuwa utumwa. Mpaka, basi, ni meza ya chakula. Fedha ya unga, ya karo na ya dawa ikianza kugeuka dau, mpaka umevukwa.

Sasa lile ungamo tulilowaahidi. Tulipoezeka paa la ukumbi wetu, tuliuza tiketi za bahati nasibu. Tuliwapa watoto wa Shirika la Utoto Mtakatifu vitabu vya tiketi wakauze mitaani, na sisi wenyewe tulitangaza zawadi kutoka mimbarini, kwa shangwe. Kisheria na kimafundisho hatukukosa. Lakini tulimfundisha mtoto wa miaka tisa kwamba fedha kidogo na bahati kubwa ni njia njema ya kupata kitu. Miaka kumi baadaye tunamwuliza alijifunzia wapi!

Kwa hiyo tunawaletea pendekezo, nanyi mlijadili katika jumuiya ndogondogo kabla ya kikao kijacho cha baraza la parokia. Kwanza, parokia yetu isiuze tena bahati nasibu. Ukuta wa shule ya chekechea tuujenge kwa harambee ya wazi, hata ukichelewa miaka miwili. Pili, kila jumuiya itenge jioni moja kwa mwezi ambapo mwenye deni la kamari aweza kusema bila kuchekwa, na ndugu zake wamsaidie kupanga namna ya kulilipa. Tatu, chama chetu cha akiba na mikopo kiwafungulie mlango vijana wasio na dhamana zaidi ya ushuhuda wa jumuiya zao.

Tunajua wapo watakaopinga, hasa hilo la kwanza, maana bahati nasibu huleta fedha haraka. Tunawaomba watambue kwamba sababu hiyo ndiyo anayoitoa kila mchezaji.

Chini ya msalaba askari walipigia kura vazi la Bwana, wakiwa wameinamisha vichwa, wasimwone aliyekuwa akifa juu yao. Nasi katika sebule zetu tumo hatarini kuinamia kioo cha simu, tusimwone anayeangamia kando yetu. Juma hili, mzazi mwenzetu, muulize mwanao anadaiwa kiasi gani. Muulize kwa upole, nawe ukae umsikilize hadi amalize.

Mwenyezi Mungu awabariki nyote.