Kisasi cha Bi. Farashuu na Machozi ya Wahakiki

Imekuwa ada katika uhakiki wetu kumsimamisha mhusika wa kike kizimbani kabla ya kumsoma. Hoja zilizomo katika makala haya zilizuka katika semina ya wanafunzi wa uzamili huko Kitui, wengi wao wakiwa walimu wa shule za sekondari kutoka Mwingi, Mutomo, Wote na Kibwezi, ambao wameifundisha riwaya ya Utengano (1980) ya Said Ahmed Mohamed mara nyingi kuliko walivyopata kuisoma kwa starehe zao. Swali lililoletwa mbele ya semina lilikuwa jepesi kwa sura: je, mwanamke anayetenda uovu kwa kulipiza kisasi katika kazi ya kubuni astahili kuhurumiwa au kuadhibiwa? Darasa liligawanyika mafungu mawili, na kila fungu likawa na yakini iliyonitia shaka. Nia yangu hapa si kuyapatanisha mafungu hayo. Naona yote mawili yamekosea, na la pili limekosea zaidi, ingawa ndilo linalosifiwa siku hizi kwenye makongamano yetu.

Nianze na wale waliotaka adhabu, maana kosa lao linaonekana upesi. Kwao, Kazija ni malaya mwenye hila, na Bi. Farashuu ni kikongwe mwenye kinyongo. Wakishakutaja hivyo, kazi ya uhakiki imekwisha. Asili ya usomaji huu haifichiki. Umetokana na miongozo ya mitihani, ambamo mhusika huorodheshewa "sifa" zake kama bidhaa za dukani: mkatili, mnafiki, mwenye kisasi. Mwalimu aliyelelewa na miongozo hiyo hujikuta akitoa hukumu badala ya maelezo, na mwanafunzi wake huinakili hukumu hiyo ili apate alama.

Lakini nashuku kwamba huku kwetu Ukambani liko jambo jingine chini ya usomaji huu, ambalo miongozo haikulianzisha. Msomaji wa Kitui na Makueni hukifungua kitabu akiwa tayari na picha ya mwanamke anayedhuru kwa siri. Ngano alizosimuliwa utotoni zimejaa wake wenza wanaowatendea mabaya watoto wasio wao, na neno uoi, yaani uchawi, halikosi kumrukia mwanamke mwenye umri, mjane hasa, pindi msiba usioeleweka unapotokea. Historia imetuachia ushahidi mchungu wa mahali picha hiyo inapoweza kutufikisha. Mwaka 1932 Mahakama Kuu mjini Nairobi iliwahukumu kifo wanaume 60 wa Kikamba kwa kumuua mwanamke aliyeitwa Mwaiki, aliyeshukiwa kumroga mke wa mtu. Baadaye hukumu hiyo ilipunguzwa, na wasomi wameandika mengi juu ya kesi yenyewe, juu ya sheria ya kikoloni na mgongano wake na mila. Kuhusu Mwaiki mwenyewe, alichokitaka na alichokiogopa, tunajua machache mno. Kwa hiyo, mwanafunzi anaponiambia kwamba Bi. Farashuu "alistahili kukomeshwa", siwezi kulichukulia neno hilo kuwa maoni ya kifasihi tu.

Hata hivyo, tusikimbilie upande wa pili kwa sababu hiyo peke yake. Fungu la huruma lina istilahi zake: mfumo dume, mhanga, sauti iliyonyamazishwa. Istilahi hizi zina kazi yake, na hakuna anayeweza kuisoma nyumba ya Maksuudi bila kuzihitaji. Maksuudi anamfungia mkewe Tamima na bintiye Maimuna ndani ya nyumba huku yeye mwenyewe akizurura usiku. Huko nyuma amemwoa Mwanasururu, binti wa Bi. Farashuu, akampora mali na kumtupa. Wahakiki wa huruma huyataja haya yote kwa usahihi. Kosa lao linaanzia hapo, kwa maana wakishayataja huhitimisha kwamba aliyefanya kisasi hakufanya kitu. Mfumo ndio uliofanya kupitia kwake. Kazija anageuka kuwa jeraha linalotembea.

Sasa hebu tulitazame tendo lenyewe. Kazija anamwita Maksuudi nyumbani kwake na anamwita Mussa, mwana wa Maksuudi, kisha anahakikisha kwamba baba na mwana wanakabiliana chini ya paa moja. Mpango wa namna hii hauwezi kutekelezwa na jeraha. Unahitaji hesabu ya saa, ujuzi wa tabia za wanaume wawili, na uwezo wa kuficha uso. Anayeupanga ni mtu mwenye akili, naye anafahamu kwamba heshima ya bwana mkubwa imejengwa juu ya kutoonekana, kwa hiyo anaibomoa kwa kumfanya aonekane, tena na mwanawe wa kumzaa. Kumhurumia Kazija kwa tendo hili ni kumnyang'anya kitu pekee ambacho riwaya imempa kwa ukarimu, yaani werevu. Na ajabu ni kwamba wanaomnyang'anya ndio wale wale wanaojiita watetezi wake.

Kuna neno gumu zaidi, ambalo huruma ya aina hii huliruka. Maksuudi aliyefedheheshwa hana namna ya kuzitua hasira zake juu ya waliomfedhehesha. Anazitua nyumbani. Tamima, aliyekuwa katika uchungu wa uzazi, ndiye anayepigwa na kupewa talaka. Maimuna anatoroka na kuingia katika maisha ya madanguro na ulevi ambayo yanachukua sehemu kubwa ya riwaya iliyobaki. Ni kweli kwamba mkono uliopiga ni wa Maksuudi, na lawama ya kipigo ni yake. Lakini kisasi kilichopangwa kwa niaba ya mwanamke mmoja aliyedhulumiwa kilipita juu ya migongo ya wanawake wengine wawili wasio na hatia. Mhakiki anayemwaga machozi yake yote kwa Kazija na Bi. Farashuu ana wajibu wa kutueleza amembakishia nini Tamima. Nimesoma tahakiki kadhaa za riwaya hii zisizomtaja Tamima ila katika muhtasari.

Suala hili si letu peke yetu. Katika tamthilia ya Medea, iliyoigizwa Athens mwaka 431 kabla ya Kristo, Euripides alimfanya mama awaue wanawe ili amtie uchungu mume aliyemwacha, kisha akamwondoa jukwaani katika gari la mbinguni, salama, pasi na adhabu yoyote. Aristotle alililaumu gari lile, lakini lawama yake ilikuwa ya kifani, kwamba fundo la hadithi lisifunguliwe kwa mtambo. Huruma na hofu, ambazo kwake ndizo kazi ya tanzia, aliziweka pamoja, na jambo hili wahakiki wetu hulisahau. Nasi tumezitenganisha: fungu moja limechukua hofu na kuiita maadili, fungu jingine limechukua huruma na kuiita nadharia.

Naomba ruhusa nirudi nyumbani kuchukua mfano usiotarajiwa. Walioandika juu ya sheria za kimila za Wakamba wakati wa ukoloni walieleza hukumu iliyoitwa king'ole, ambayo kwayo jamii ilimuua mtu aliyeonekana kuwa hatari isiyovumilika, mchawi au mhalifu sugu. Sikusudii kuisifu. Ilitumiwa vibaya, na waliouawa kwa kusingiziwa hawawezi kutuambia idadi yao. Ila ilikuwa na sharti moja linalonishughulisha: ridhaa ya ndugu wa karibu wa mshtakiwa. Aliyeitamka adhabu alikuwa yule yule atakayelia. Sharti hilo halikuziona huruma na adhabu kuwa njia panda ambapo mtu huchagua moja na kuipa nyingine kisogo. Lilimtaka mtu mmoja azibebe zote mbili, na mzigo huo ulikusudiwa kuwa mzito ili hukumu isitolewe ovyo. Laiti mhakiki angejiweka katika nafasi ya ndugu huyo! Angeacha kuhukumu kama mgeni, na angeacha kulia kama mgeni pia.

Kwa mtazamo huo, Sauna wa Chozi la Heri (2017) ya Assumpta Matei anasomeka vizuri zaidi kuliko anavyosomwa. Sauna amenajisiwa na babake wa kambo, Bwana Maya. Mamake amemsaidia kuitoa mimba ili aibu isijulikane. Baadaye, akiwa mtumishi wa nyumbani, anawaiba Dick na Mwaliko, watoto wa watu, na kuwapeleka kwa Bi. Kangara. Matei hasemi kwamba ni kisasi, wala mimi sitamlazimisha aseme. Lakini msichana aliyeharibiwa ndani ya nyumba, na mama akanyamaza, anaingia katika nyumba nyingine na kuiharibu kupitia watoto. Deni limelipwa kwa mlango usio wake. Walimu wengine hunung'unika kwamba mwandishi amemkomoa Sauna kwa kumtia mikononi mwa sheria ilhali ametuonyesha mateso yake. Mimi naona vinginevyo. Kama Sauna angeachwa huru kwa sababu ya mateso yake, Dick, aliyetumbukizwa katika biashara ya dawa za kulevya akiwa mtoto, angekuwa amegeuzwa kielelezo cha maumivu ya mtu mwingine. Matei amekataa kufanya hivyo.

Nirejee kwa Bi. Farashuu, kwa maana yeye ndiye anayeyavuruga mafungu yote mawili. Kikongwe huyu mwenye kinyongo ndiye mkunga anayeletwa kumzalisha Tamima, mke wa adui yake. Tena ndiye ambaye Maimuna, binti wa adui huyo, anapata hifadhi kwake baada ya kuchakaa. Wanaotaka adhabu hawana la kusema juu ya mikono iliyozalisha, na wanaotaka huruma huyasoma matendo haya kama uthibitisho kwamba alikuwa mwema tangu mwanzo. Sidhani. Nadhani Bi. Farashuu aliiona gharama ya kisasi ikiwa imelala mlangoni pake, ina jina na ina uso, akaipokea. Huku ndiko kuwajibika, na hakuna mahakama iliyomlazimisha.

Karibu na mwisho wa semina, mwalimu mmoja kutoka Kibwezi, mama wa makamo aliyekuwa kimya asubuhi nzima, aliomba nafasi. "Mwalimu," alisema, "tumegombana saa mbili kama tumsamehe Kazija au tusimsamehe. Lakini sisi hatukukosewa na Kazija. Mbona hakuna aliyemwuliza Tamima?" Fungu la huruma lilimjibu kwamba Tamima naye ni mhanga wa mfumo; fungu la adhabu likasema Tamima ni mhusika mdogo. Yule mama aliwatazama, akakifunga kitabu chake, akaketi.