Wacheni Kumdai Wanyonyi Rekodi ya Rudisha

Wasee, kuna kitu kinanikera. Kila Emmanuel Wanyonyi akishinda mita 800, kabla hata hajavuta pumzi, mtu ashaandika: "Sawa, lakini rekodi ya Rudisha anavunja lini?"

Lini, lini, lini. Hilo swali nalijua vizuri. Niliacha chuo nikiwa mwaka wa pili, na tangu hapo hakuna matanga wala harusi ya ukoo ambayo shangazi hajaniuliza nitarudi lini. Nikimwonyesha kazi ninayofanya, anaitikia tu, kisha ananitajia binamu yangu aliyefuzu. Kwa hivyo labda naongea na uchungu wangu. Lakini hebu tuangalie hiyo rekodi yenyewe.

London, Agosti 9, 2012, fainali ya Olimpiki. David Rudisha alishika mbele mapema, bila mtu wa kumvutia kasi, akapiga mzunguko wa kwanza kwa sekunde 49.28, akamaliza kwa 1:40.91. Na waliomfuata hawakuwa wanyonge. Nijel Amos wa Botswana, kijana wa miaka 18, alikuwa wa pili kwa 1:41.73, muda uleule ambao Sebastian Coe alikaa nao kama rekodi ya dunia kwa miaka 16. Timothy Kitum wetu akabeba shaba. Wa nane, yaani wa mwisho kabisa, Andrew Osagie wa Uingereza, alikimbia 1:43.77. Muda huo ungempa dhahabu Sydney 2000, Athens 2004 na Beijing 2008. Wa mwisho, jameni!

Hiyo ndiyo siku tunamdai Wanyonyi airudie, tena aipite.

Huyu ni kijana aliyewahi kuacha shule akaenda kuchunga ng'ombe. Agosti 2024, akiwa na miaka 20 tu, alishinda dhahabu Paris kwa 1:41.19, akimpiku Marco Arop wa Kanada kwa sehemu moja ya mia ya sekunde. Siku chache baadaye, Lausanne, akashuka hadi 1:41.11, sawa na Wilson Kipketer. Ni Rudisha peke yake aliyewahi kukimbia chini ya hapo. Mwaka 2025 akaongeza ubingwa wa dunia kule Tokyo. Na bado kuna mtu amelala kitandani na simu anasema kijana anazembea.

Mtaniambia viatu vya siku hizi vina kasi kuliko vya 2012. Kweli. Lakini hiyo inaonyesha ukubwa wa Rudisha, haionyeshi udhaifu wa Wanyonyi.

Na tukumbuke rekodi ya haraka si lazima iwe ya furaha. Oktoba 2024 Ruth Chepng'etich alikimbia marathoni ya Chicago kwa 2:09:56, tukashangilia mpaka sauti zikakauka. Mwaka mmoja baadaye akafungiwa miaka 3 kwa kosa la dawa. Muda wake bado uko kwenye vitabu, lakini nani anautaja bila kushusha sauti? Kosa la mwanariadha ni lake, simtupii shabiki. Ila kelele zetu za "lini" hazimsaidii anayefanya mazoezi kwa njia safi na kungoja siku yake.

Mimi pia nataka 1:40.91 ianguke, na nataka ivunjwe na Mkenya. Lakini rekodi si deni la kurithi. Hata isipovunjwa milele, dhahabu ya Paris itabaki dhahabu.

Shangazi, kama umefika hapa, nakupenda, ila jibu langu ndilo hilo.

Na wewe unayeuliza "lini," niachie jibu hapo chini: wewe mita 800 unamaliza kwa dakika ngapi?